Namba Kwenye Kona ya Picha

Inspekta alitaka Msomi awe na hatia. Tuliseme hilo mapema, maana mpelelezi anayetaka mtu fulani awe na hatia ni kama refa aliyevaa jezi ya timu moja ndani ya ile nyeusi. Yeye mwenyewe alilijua hilo tangu alipousukuma mlango wa duka la miwani saa tatu asubuhi, huku Sajini akija nyuma na kuyalaumu magoti yake kwa kila ngazi.

Kituoni walimwita Sindano. Si kwa wembamba, kwani tumbo alikuwa nalo, bali kwa maswali yake: madogo, hayaumi yanapoingia, mtu hugundua baadaye kwamba ametobolewa. Siku hiyo maswali yalikuwa tayari. Kilichomsumbua ni karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa ndani wa koti, ambayo mkubwa wake wa kazi hakujua kama ipo.

Kesi ilikuwa hivi. Watu wawili walipimwa vivimbe vyao mwezi Februari kwenye maabara ya hospitali kuu, wakapewa majibu yenye maneno mawili, *Hakuna alama*, wakarudi nyumbani wakimshukuru Mungu. Mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alizikwa Julai. Wa pili, dereva wa lori, alikuwa kitandani na saratani imeshampanda mpaka kwenye mapafu. Mume wa mwalimu ndiye aliyefungua jalada. Alisema kuna mtu ameharibu dawa za maabara makusudi, na mtu wa kushukiwa hakuwa mbali: fundi mmoja, waliyemwita Msomi, alifukuzwa pale tarehe ishirini na nane Januari, akaondoka akitukana mpaka getini.

Karatasi ya mfukoni nayo ilikuwa na maneno yale yale mawili. Ilikuwa ya dada yake Inspekta, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Tarehe yake ilikuwa kumi na tisa Januari. Inspekta mwenyewe ndiye aliyeifuata hospitalini, akamsomea dada kwenye simu, akamtania kwamba sasa hana kisingizio, amshonee shati. Dada akamshonea. Ndilo alilokuwa amelivaa.

Siku tisa. Kama Msomi ndiye aliyeiharibu dawa siku ya kufukuzwa, basi majibu ya dada yalitoka kabla ya uharibifu, na kivimbe chake kilikuwa kivimbe tu. Kwa hiyo Inspekta alimhitaji Msomi kama mgonjwa anavyohitaji daktari.

Walimkuta anafuta lenzi kwa kitambaa, kijana wa miaka thelathini na kitu, shingo ndefu, macho mazima yasiyo na miwani.

"Muuza miwani asiyevaa miwani," Sajini alisema. "Hivyo ndivyo unavyoisifia bidhaa yako?"

"Mpishi hali anachopika," Msomi alijibu, kisha akaona vitambulisho na mzaha ukamkauka mdomoni. "Ni kesi ya yule mwalimu?"

"Siku ile uliondoka maabara saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Saa nne na robo. Barua nilipewa saa nne kamili. Dakika kumi na tano zote nilikuwa natukana."

"Ulipita chumba cha hadubini?"

"Ningepitaje? Kadi yangu walishaizima kabla ya kunipa barua. Mlinzi alinishika mkono huu hapa mpaka getini. Kamuulizeni, atanikumbuka, na yeye nilimtukana."

Mlinzi walishamuuliza, na alimkumbuka. Inspekta alikuwa ameliweka jibu hilo pembeni, kama mtu anayeficha barua ya mwenye nyumba chini ya godoro.

"Ulifukuzwa kwa kosa gani?"

"Mdomo."

"Mdomo ulisema nini?"

Msomi akaiweka lenzi chini. "Ulisema picha zina chenga. Za wagonjwa. Chenga chenga kama televisheni ya zamani antena ikianguka. Nikaandika kwenye daftari la zamu, mara tatu. Mama Giza, msimamizi wangu, akanijibu kwa wino mwekundu, nikamjibu kwa mdomo, ikawa basi tena. Yeye ana miaka ishirini na mbili pale, mimi nilikuwa na miwili."

"Mara ya kwanza uliandika lini?"

Swali lilikuwa dogo. Safari hii aliyetobolewa ni muulizaji.

"Katikati ya Desemba. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa naomba likizo, na Mama Giza akasema asiyeona vizuri apumzike kweli."

Inspekta akaandika *Desemba*, akalitazama neno hilo, akafunga daftari.

Nje, kwenye ngazi, Sajini alisimama kupumzisha magoti. "Anadanganya?"

"Natamani," Inspekta alisema.

*

Maabara ilikuwa orofa ya pili, mwisho wa korido yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mkuu wa maabara, mama mrefu anayetoa maneno kama aliyepimiwa kwa kijiko, aliwapokea mlangoni na kuwavalisha makoti meupe. La Inspekta halikufunga tumboni. Kisha akasogeza pazia zito jeusi, na kabla hawajamwona mtu ndani walisikia sauti.

"Pazia! Fungeni pazia!"

Huyo ndiye Mama Giza. Jina alipewa na wafanyakazi wenzake, akalipenda. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na kile chumba kisicho na dirisha alikitawala kama mama anavyotawala jiko lake. Macho ya wageni yalipozoea giza, waliona meza ndefu, hadubini, skrini, friji ndogo, na kwenye kona taa ya bluu iliyosimama juu ya mguu wake wa chuma.

"Nimekwisha kuulizwa na wenzenu," alisema. "Wakachukua dawa yangu wakaipima huko kwao. Walisema nini?"

"Walisema ni nzima," Inspekta alisema. "Nieleze mimi kama mtoto wa darasa la pili. Mnapimaje?"

Hapo uso wa Mama Giza ukafunguka, maana aliipenda kazi yake. Daktari huchoma kivimbe kwa sindano nyembamba, akanyonya seli chache, na seli hizo huletwa zikiwa hai. Seli ya saratani, alieleza, huvaa alama mwilini mwake, protini fulani ambayo seli nzima haivai. Kwenye friji wana kichupa cha dawa ambayo wao huiita kurunzi. Ni molekuli ndogo zilizotengenezwa zitafute alama hiyo tu, ziing'ang'anie. Unazimwagia seli kurunzi, unasubiri, unaosha. Isiyopata cha kushika huondoka na maji. Iliyoshika hubaki, na ukiipiga mwanga wa bluu huwaka kijani.

"Anayewaka anapelekwa kwa mpasuaji. Asiyewaka anarudi nyumbani."

"Na seli?"

"Zinakufa. Zina saa nne tu. Tunazitupa."

"Kwa hiyo za mwalimu hazipo."

"Za mtu yeyote hazipo," Mkuu alisema.

Inspekta aliuliza wanajuaje kwamba kurunzi yenyewe haijafa. Mama Giza akacheka kwa kumwonea huruma. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, wanapima seli za mfano: seli za saratani wanazozifuga wenyewe kwenye visahani, zilizojaa alama mwili mzima. Zikiwaka, kazi inaanza. Zisipowaka, hakuna kazi.

"Zimewahi kutowaka?"

"Mikononi mwangu? Hata siku moja."

Inspekta aliomba daftari la zamu. Msomi hakuwa amedanganya. Tarehe kumi na tano Desemba, kwa wino wa bluu: *Picha za wagonjwa zina chenga. Kamera ikaguliwe.* Chini yake, kwa wino mwekundu: *Kamera imekaguliwa. Seli za mfano zinawaka vizuri. Punguza kelele.* Tarehe sita Januari, tena. Tarehe ishirini na mbili Januari, tena, na wino mwekundu ulikuwa umekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Msomi akatoka kwenye kesi hivyo, kimyakimya, bila mtu kumpa mkono. Inspekta alihisi amefungiwa mlango usoni. Sasa hakuwa na mhalifu wala tarehe. Alikuwa na dada tu.

Akaendelea na kazi, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya. Alikagua rejista ya friji: joto halikuwahi kupanda. Rejista ya umeme: haukukatika. Ya funguo: Mama Giza na Mkuu, basi. Kisha akaomba picha zote za seli za mfano, tangu kichupa kilichotumika Januari kilipofunguliwa, tarehe nne Novemba.

Waliwasha taa ndogo nyekundu wakazitandaza mezani, moja kwa kila asubuhi. Seli za kijani, za duara, zinang'aa kwenye weusi.

"Mapacha watupu," Sajini alisema. "Hata mimi ningewapa ruhusa ya kazi."

Zilikuwa mapacha kweli, na hilo ndilo lililomkera Inspekta. Miaka mingi aliifanya kazi ya hati za kughushi, na huko alijifunza kwamba katikati ya karatasi kila mtu huwa mwangalifu. Akaacha kutazama seli. Akatazama pembeni. Chini, kwenye kona ya kulia ya kila picha, palikuwa na namba ndogo ya kijivu.

"Hii ni nini?"

"Ya kamera," Mama Giza alisema.

"Kamera inasema nini?"

Mkuu akainama, akaivuta picha ya kwanza, halafu ya mwisho, akazishika pamoja. Inspekta aliona vidole vyake vinaacha alama za jasho kwenye karatasi.

"Ni muda," alisema. "Muda ambao jicho la kamera limekaa wazi, kwa sehemu za elfu za sekunde. Kamera inajirekebisha yenyewe. Mwanga ukiwa mdogo, inaacha jicho wazi zaidi mpaka picha ya mfano ing'ae."

"Tusomee."

"Tarehe nne Novemba, arobaini." Akapekua. "Ishirini na tano Novemba, themanini. Nane Desemba, mia moja na ishirini." Sauti yake ikapungua. "Tatu Februari, mia sita na sabini. Ishirini Februari, elfu moja na mia mbili."

"Tatu Februari ndiyo siku ya mwalimu," Sajini alisema.

Picha zilikuwa zinalingana kwa sababu kamera ilikuwa inazilazimisha zilingane. Kurunzi ilikuwa inakufa kidogo kidogo, na kila asubuhi kamera ilikodoa macho zaidi, ikaripoti kwamba mambo ni mazuri. Seli za mfano, kwa wingi wa alama zao, ziliendelea kuwaka hata kwa kurunzi mahututi. Lakini seli ya mgonjwa mwenye alama chache mwanga wake ulizama kwenye zile chenga, na kompyuta ilipofuta chenga, ilifuta na huo mwanga.

"Mpaka namba ngapi unaweza kuamini?" Inspekta aliuliza. Aliuliza taratibu sana.

"Mia na ishirini. Ikizidi hapo, jibu la hapana si jibu."

Nane Desemba. Inspekta hakuigusa picha ya kumi na tisa Januari, ingawa aliiona ilipo, ya nne kutoka mkono wake wa kushoto.

"Basi kuna kilichoiua," alisema. "Mama, nionyeshe asubuhi yako. Tangu unafungua mlango. Usiruke kitu."

Mama Giza alifanya kama alivyoambiwa. Akafunga pazia. Akaziba tundu la ufunguo kwa kitambaa, akaeleza kwamba kurunzi haipendi mwanga, mwanga unaichosha, ndiyo maana yeye amekula ujana wake gizani. Akafungua friji, akatoa kichupa kilichozungushiwa foili, akaibandua foili. Kichupa kilikuwa cha rangi ya kahawia iliyokolea. Akakiweka mezani, akavaa glavu, akachukua bomba la kupimia.

Inspekta aliona kitu. Kati ya kuibandua foili na kukiweka kichupa mezani, mkono wa yule mama ulikuwa umeelekea kwenye kona, kwenye taa ya bluu, kisha ukakatisha safari.

"Ulitaka kwenda wapi na hicho kichupa?"

"Wapi? Aa." Akatabasamu, kama mtu aliyekamatwa anaongea na paka. "Mazoea. Zamani nilikuwa naisalimia. Naiweka juu ya taa nione kama inawaka, navaa glavu, naosha vifaa, dakika tatu hivi, halafu tunaanza kazi. Inawaka vizuri hiyo, mngeiona! Kijani mpaka roho inatulia. Lakini hiki kipya kilichofunguliwa Machi wamekileta kwenye chupa ya kahawia, huoni kitu, nikaacha. Nilichukia kweli."

"Ulianza lini kuisalimia?"

"Miaka kumi na moja. Haijawahi kutuangusha."

Inspekta akaenda kwenye kona. Akainama, tumbo likimpinga, akamulika kwa simu chini ya mguu wa taa. Mafundi umeme ni watu wa stika. Hii ilisema: *Imefungwa 26 Oktoba.*

"Taa hii ni mpya?"

"Ya zamani iliungua," Mkuu alisema. Akainama kuisoma stika. Halafu akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mkubwa wa kazi, "Ya zamani ilikuwa hafifu sana. Hii ina nguvu mara arobaini."

Mama Giza alikuwa bado na kichupa mkononi. Alimtazama Mkuu, akaitazama taa, kisha taratibu, kwa mazoea ya miaka ishirini na mbili, akaizungushia chupa foili yake.

*

Dhana si ushahidi. Inspekta aliomba waijaribu, na Mkuu akamimina tone la kurunzi nzima kwenye kichupa kisicho na rangi, kama vile vya zamani, akalipima: arobaini.

"Tuiweke juu ya taa kwa asubuhi ngapi?" Mkuu aliuliza.

"Hamsini na mbili."

"Kwa nini hamsini na mbili? Mpaka siku ya mwalimu ni sitini na tatu."

"Anza na hizo."

Sajini alimtazama pembeni. Alikuwa amefanya kazi na mtu huyu miaka tisa, na hesabu aliijua. Ukihesabu siku za kazi kuanzia nne Novemba, ukatoa sikukuu, ya hamsini na mbili ni kumi na tisa Januari. Hakujua tarehe hiyo ina nini, ila alijua si ya jalada, na alijua kunyamaza.

Dakika tatu mara hamsini na mbili ni saa mbili na dakika thelathini na sita. Wakaketi. Taa ya bluu ilikuwa inakula tone lile bila sauti wala moshi, na tone lilionekana vile vile, la kijani, zuri. Sajini alijaribu mzaha mmoja kuhusu ndoa yake na giza, ukaanguka sakafuni, akauacha hapo. Mama Giza alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, hakuliondolea jicho tone. Inspekta alitaka kumchukia. Alijaribu kwa dakika kadhaa, akiwaza ule wino mwekundu, akiwaza *punguza kelele*. Akashindwa. Mwanamke huyu alikuwa ameisalimia dawa yake kila asubuhi kwa sababu aliogopa kumdanganya mgonjwa.

Muda ulipotimia Mkuu alilichukua tone, akazimwagia seli za mfano, akaosha, akaweka chini ya hadubini. Kamera ikafungua jicho. Picha ikaja kwenye skrini, kijani, pacha wa zile nyingine zote. Kwenye kona ya kulia namba ilikuwa mia tatu na tisini na nane.

Mkuu akaichukua sasa picha ya kumi na tisa Januari. "Hii ni mia nne na kumi," alisema. "Ndiyo hiyo. Ni taa."

Mama Giza alisimama. Akavua glavu moja baada ya nyingine, akazikunja vizuri, akamsogelea Inspekta na kunyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu.

"Nikamate."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Wewe ndiye polisi. Litafute."

"Sina."

"Kuna watoto wa yule mwalimu. Nikamate, baba. Nitawatazama vipi?"

Alikuwa analia wazi sasa, bila kujifuta, na mikono ilikuwa bado hewani. Inspekta alishika kimoja cha vile viganja kwa sababu hakujua afanye nini. Kilikuwa kikavu na baridi, cha mtu anayenawa mara hamsini kwa siku.

"Tunaandika nini kwenye jalada?" Sajini alimnong'oneza baadaye, walipotoka nje ya pazia na mwanga wa korido ukawaumiza macho. "Mtuhumiwa: taa ya bluu, haina makazi maalumu?" Hakucheka. "Mkubwa anataka mtu wa kumpeleka mahakamani. Yule mume anataka mtu. Hata mimi nilikuwa nataka mtu."

"Andika kilichotokea."

"Kilichotokea hakina wa kumfunga pingu."

"Ndivyo kilivyo."

Mkuu alitoka na karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Yalikuwa majina ya wote walioambiwa *Hakuna alama* kati ya tarehe nane Desemba na siku kilipofunguliwa kichupa kipya. Watu tisini na sita. Wengine simu zao hazipatikani tena, alisema, wengine walihama. Atawaita wote, ataanza leo.

"Wangapi kati yao wanayo?" Inspekta aliuliza.

"Kwa kawaida ni mmoja katika tisa."

Inspekta akapitisha kidole kwenye orodha. Jina la dada lilikuwa ukurasa wa pili. Lilikuwa limechapwa, na namba ya simu anayoijua kwa kichwa. Akatoa karatasi ya mfukoni, akaikunjua, akampa Mkuu.

Sajini aliisoma kwa juu ya bega. "Inspekta," alisema, kisha akageukia ukuta.

"Picha yake ipo," Mkuu alisema. Akaingia ndani, akarudi nayo. Ilikuwa nyeusi, safi, haina hata doa. Kwenye kona iliandikwa mia nne na kumi.

"Unaona nini hapo?"

"Hakuna ninachoona."

"Ana saratani au hana?"

"Picha hii haisemi ndiyo, haisemi hapana," Mkuu alisema. "Na seli zake tulizitupa saa kumi jioni ile. Mlete. Nitampima mwenyewe."

Kulikuwa na benchi mwisho wa korido. Inspekta alilipita bila kukaa, akasimama dirishani, akapiga simu.

"Mdogo wangu!" Nyuma ya sauti ya dada cherehani ilikuwa inakimbia. "Ongea kwa nguvu, mashine inapiga kelele. Nina sare za shule hapa mpaka mlangoni."

"Habari za kazi, dada?"

"Kazi haina habari, kazi inanimaliza. Shati linakubana?"

"Liko sawa."

"Muongo. Tumbo hilo nalijua. Lilete niliachie kidogo pembeni, niliacha kitambaa ndani makusudi."

"Dada, kile kivimbe."

"Kipi?"

"Ulichopimwa."

"Aa, kile. Kipo. Kimepata na mwenzake huku kwapani, nikasema basi waishi, si mlisema hakina neno?" Akacheka. Cherehani ilikuwa inaendelea.

Inspekta akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Chini, kwenye uwanja wa hospitali, watu walikuwa wanaingia na kutoka na bahasha zao.

"Nataka uje hospitali. Leo."

"Leo? Na sare?"

"Leo, dada. Nakuja kukuchukua."

"Lakini karatasi unayo. Si ulinisomea mwenyewe? Hakuna alama. Ulinisomea mara mbili, nikakwambia rudia."

"Nilikusomea."

"Sasa?"

Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuuliza. Safari hii akasema ukweli kama ulivyo.

"Walikuwa hawaoni, dada. Siku waliyokupima walikuwa hawaoni, na hawakujua kwamba hawaoni."

Cherehani ikapunguza mwendo, ikasimama. Alisubiri dada amlaumu, au alie, au aulize, na yeye hakuwa amejiandaa kwa lolote kati ya hayo. Alisikia kiti kikisogezwa, na pumzi za dada, fupi fupi, kama anatafuta kitu mezani.

"Ngoja kwanza nizime pasi," dada alisema.

Inspekta akangoja.